Wiki tatu zilizokosewa kitabuni: kisa cha pacha waliotokana na viinitete vilivyogandishwa

Barua ya rufaa ilikuwa fupi. Mvulana wa miezi 15, pacha wa pili, hatembei, hakuwahi kutambaa, alizaliwa wiki ya 35 akiwa na kilo 1.4, "hakukua vyema tumboni". Chini kabisa, kwa wino wa rangi nyingine, mtu alikuwa ameongeza herufi tatu na alama ya kuuliza: IVF? Ndiyo mimba inayotungwa maabara, nje ya mwili, kisha kiinitete kikawekwa tumboni. Aliyeandika alitaka kujua kama ubongo wa mtoto una hitilafu, na kama hitilafu yenyewe ilianzia maabara.

Kabla sijaendelea: kisa hiki nimekiunganisha kutokana na familia zaidi ya moja ninazozihudumia hapa Mombasa, na mambo ya kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Walikuja wanne: mama, mama mkwe wake, na pacha wawili, msichana na mvulana. Baba yuko Doha kikazi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Huyu wa kike mzima, hana neno. Huyu ndiye tuliyemleta." Hata hakungoja niulize. "Hawa walikaa kwenye friji mwaka mzima, daktari. Baridi yote ile, mtoto atoke salama wapi?"

Mama mtu akainamisha macho. Nyumbani siri hiyo ilikuwa wazi, lakini katika hospitali za Mombasa hapakuwa na mtu aliyewahi kuambiwa. Kliniki ya wajawazito hawakujua, wodi ya uzazi hawakujua, na wauguzi waliowalea wale watoto nasari, wodi ya watoto wachanga, kwa wiki kadhaa hawakujua. Mwandishi wa ile alama ya kuuliza alikuwa amebahatisha tu.

Nilimwacha bibi amalize, nikatandika mkeka na kuwaweka watoto chini. Barua za rufaa nazisoma, lakini mkeka nauamini zaidi.

Mvulana alikaa mgongo wima bila kushikiliwa. Nilimpa kikombe cha plastiki na kijiko, akakigonga kikombe, akakipindua, akatazama ndani. Kipande cha biskuti alikichukua kwa ncha ya kidole gumba na kidole cha shahada, kwa mkono wa kulia na baadaye kwa wa kushoto. Dada yake alipomnyang'anya, alimwonyeshea kidole, kisha akanigeukia mimi kuona kama nimeshuhudia dhuluma ile. Wanaoshughulika na watoto wanajua uzito wa jambo hilo: kuonyesha kidole na kumtazama mtu mwingine kwa pamoja kunaeleza mengi kuhusu akili na mawasiliano kuliko hatua za miguu. Alipotaka kusogea hakutambaa. Alisukuma makalio sakafuni, mguu mmoja umekunjwa, na alikuwa mwepesi ajabu. Nilipomsogezea kiti alijivuta akasimama, magoti yakitetemeka, akakaa tena baada ya muda mfupi.

Misuli ya miguu ilikuwa milegevu kidogo, si migumu. Miguu haikupishana kama mkasi nilipomwinua kwa makwapa, vidole gumba havikufungwa ndani ya viganja, na hakuwa na mkono anaoupendelea. Hizo ndizo dalili ninazozitafuta kwanza kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa sababu mtindio wa ubongo mara nyingi hujitangaza hivyo mapema. Sikuziona. Nilichokiona ni kope za ndani zilizokuwa nyeupe mno.

Dada yake wakati huo alikuwa anazunguka benchi kwa kulishikilia, akiachia hatua mbili tatu na kuanguka. Wote wawili waligandishwa siku moja, wakayeyushwa siku moja, wakawekwa tumboni siku moja. Hilo si ushahidi wa kutosha kuiachia huru baridi, maana pacha wanaweza kuathirika tofauti kwa jambo lile lile. Lakini lilinifanya niulize kuhusu yaliyofuata baada ya friji.

Nikamwomba mama anieleze safari yote tangu mwanzo. Alikuwa na ovari zenye vifuko vingi, hedhi inakuja inapotaka. Walipokwenda kutibiwa Nairobi, sindano za kukuza mayai ziliitikiwa kupita kiasi, na daktari akaona kupandikiza mwezi huo huo kungeweza kuzifanya ovari zivimbe na tumbo kujaa maji. Viinitete vyote vikagandishwa siku ya 5 baada ya kurutubishwa. Mwaka mmoja baadaye, mume alipopata likizo, viwili vikayeyushwa. Kwa kuwa mwili wake haukuwa ukitoa yai kwa uhakika, tumbo la uzazi liliandaliwa kwa vidonge vya estrojeni, kisha projesteroni. Ukuta wa tumbo la uzazi ulichelewa kunenepa, vidonge vikaendelezwa zaidi ya ilivyopangwa.

"Una karatasi yoyote ya huko?"

Akafungua mkoba, chini ya leso na nepi, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya kliniki: viinitete viwili vya siku ya 5, vimewekwa tarehe 5 Machi.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka. Mimba nyingi umri wake tunaukadiria. Tunamuuliza mama siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, tunapiga picha mapema tukibahatika, na tunakubali kukosea kwa siku kadhaa. Mimba ya kiinitete kilichogandishwa haina makadirio hayo. Siku kinapowekwa kiinitete cha siku ya 5, mimba huhesabiwa kuwa na siku 19, yaani wiki 2 na siku 5, na tarehe ya kujifungua ni siku 261 mbele. Ukianzia tarehe 5 Machi unafika tarehe 21 Novemba. Watoto walizaliwa tarehe 26 Septemba, wiki 8 kamili kabla. Walizaliwa wiki ya 32.

Kitabu cha kliniki kilisema 35. Mama hakudanganya. Muuguzi alimuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, naye akataja tarehe 24 Januari, na kweli ndipo alipotoka damu. Asichokisema ni kwamba kati ya damu ile na kuwekwa mimba zilipita siku 40 za vidonge, wakati hesabu ya kawaida inazitambua 19 tu. Tofauti ni siku 21. Picha ya mapema iliyokuwa na umri sahihi ilibaki Nairobi pamoja na siri yenyewe.

Wiki tatu zinaonekana ndogo, na kwa swali la kutembea kweli si nyingi. Zilipoharibu ni kwenye uzito. Mtoto wa kilo 1.4 katika wiki ya 35 amedumaa tumboni vibaya, na daktari yeyote atahofia kondo la nyuma, maambukizi, vinasaba. Mtoto huyo huyo katika wiki ya 32, tena pacha wa kiume, yuko upande wa wadogo lakini hashangazi mtu. Dada yake wa kilo 1.7 yuko katikati kabisa. Kosa la tarehe lilikuwa limewapa watoto wawili ugonjwa wasiokuwa nao, na maneno "hakukua vyema tumboni" yakanakiliwa kutoka faili moja hadi jingine bila mtu kuyauliza yalikotoka.

Na juu ya hilo, aliyeandika rufaa hakuwa amepunguza chochote katika umri. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati tunampima kwa umri uliorekebishwa, ukihesabu kutoka siku aliyotarajiwa kuzaliwa, na tunaendelea hivyo mpaka atimize miaka 2. Walipokuja kwangu mwanzoni mwa Januari, mvulana alikuwa na miezi 15 na siku chache kwa cheti cha kuzaliwa. Kwa mwili wake alikuwa na miezi 13 na nusu.

Sasa weka umri huo mbele ya vipimo. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, kuona watoto wazima hufikia hatua gani lini. Kutembea peke yake kulianzia miezi 8.2 hadi 17.6. Kusimama bila kushika kulifika mpaka miezi 16.9. Na watoto 4 hivi kati ya kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, waliruka hatua hiyo wakaenda zao. Kwa hiyo kijana wetu anayesogea kwa makalio hakuwa nje ya uwanja. Alikuwa ukingoni mwa ndani. Mtaalamu wetu wa viungo alimpima pia kwa kipimo kilichotengenezwa na watafiti wa Kilifi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, ambacho nakipenda kwa sababu hakimtaki mtoto ajue vitu ambavyo nyumba ya Kisauni haina. Mikono na macho vilikuwa sawa na umri uliorekebishwa. Miguu ilibaki nyuma kidogo.

Bibi hakuridhika, na nadhani alikuwa na haki. Kumwambia mtu "bado yuko ndani ya kiwango" si kumjibu swali lake. Yeye aliuliza kuhusu baridi.

Kiinitete hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbinu inayotumika zaidi sasa hukigandisha kwa kasi kubwa, baada ya kukitoa maji na kukijaza dawa za kinga, ili maji yaliyobaki yasipate nafasi ya kuwa chembe za barafu za kukichana. Hatari kubwa iko kwenye kuingia na kutoka kwenye baridi hiyo, si katika kukaa. Katika nyuzi hizo shughuli za kikemia ndani ya seli huwa karibu zimesimama, kwa hiyo mwaka mmoja hautofautiani sana na kumi. Mtoto wa kwanza wa namna hii alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1984, baada ya kugandishwa miezi 2 tu. Mwezi Oktoba 2022 walizaliwa pacha Marekani kutokana na viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992.

"Miaka thelathini!" bibi akasema. "Basi hao wangekuwa wazazi."

Kuhusu makuzi, Wasweden walichapisha mwaka 1998 ufuatiliaji wa watoto 255 waliotoka kwenye viinitete vilivyogandishwa, wakiwalinganisha na wa viinitete vibichi na waliotungwa mimba kwa njia ya kawaida. Ukuaji wao hadi miezi 18 ulikuwa sawa. Vietnam walikwenda mbali zaidi: wanawake 782 waligawanywa kwa kura, wengine wakapandikizwa kiinitete kibichi na wengine kilichogandishwa, matokeo yakachapishwa 2018, kisha watoto wakafuatiliwa hadi umri wa miaka mitatu hivi kwa maswali ya makuzi wanayojibu wazazi. Pande mbili hazikutofautiana. Ninauthamini utafiti huo kuliko mingi iliyoutangulia kwa sababu ya ile kura. Bila kura unalinganisha wazazi tofauti, umri tofauti na pesa tofauti, halafu unaiita tofauti hiyo barafu.

Kuna jambo lililompendelea bibi, nami sikumficha. Watoto wa viinitete vilivyogandishwa huwa na uzito mkubwa kidogo wanapozaliwa, na wanaopita kiwango kwa ukubwa ni wengi zaidi. Barafu basi, au matayarisho yanayoambatana nayo, yana alama yanayoiacha. Lakini alama hiyo inavuta upande wa unene. Mtoto wa kilo 1.4 hawezi kuwa kazi yake.

Mama naye alikuwa na lake, alilokuwa amelisoma kwenye simu usiku. Ni utafiti wa nchi za Nordiki wa mwaka 2022, ambao katika watoto 22,630 waliotokana na viinitete vilivyogandishwa ulikuta 48 waliopata saratani utotoni. Kiwango hicho ni kama 30 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, dhidi ya kama 17 kwa waliotungwa mimba kwa njia ya kawaida. Tofauti ipo, inastahili kufuatiliwa, na kwa mtoto mmoja mmoja hatari inabaki ndogo sana. Nilimwambia hivyo hivyo. Sikuona sababu ya kumwambia kuwa amesoma uongo.

Sasa, kama si baridi, kwa nini walizaliwa wiki ya 32? Presha ya mama ilipanda kuanzia wiki ya 30 ya kweli, protini ikaonekana kwenye mkojo, kichwa kikamuuma, akapasuliwa. Hapa naona mambo mawili yaliyoamuliwa siku ile ya tarehe 5 Machi, na yote mawili hayakuhusu friji.

La kwanza ni kuweka viinitete viwili. Mimba ya pacha ina presha zaidi, na huishia mapema. Najua kwa nini familia huomba viwili: gharama ni kubwa, na mtu anataka amalize kwa safari moja. Kliniki nazo zinajua kuwa mteja aliyeondoka mikono mitupu hasemi mema. Ila kugandisha ndiko kulikotupa nafasi ya kuweka kimoja na kukiacha kingine kisubiri.

La pili halisemwi sana, na ndilo lililonishughulisha zaidi. Yai linapopevuka na kutoka lenyewe, hubaki kwenye ovari kitezi cha muda ambacho hutoa projesteroni na pia vitu vingine, kama homoni ya relaksini, vinavyoisaidia mishipa ya damu ya mama kulegea na kuipokea mimba. Mimba iliyoandaliwa kwa vidonge tupu haina kitezi hicho. Vidonge hurudisha estrojeni na projesteroni, lakini hivyo vingine havirudishi. Tafiti nyingi sasa zimeonyesha kuwa presha ya ujauzito, ile inayotangulia kifafa cha mimba, hutokea zaidi kwa wanaoandaliwa hivyo. Hata katika majaribio ya China yaliyochapishwa 2016, kwa wanawake 1,508 wenye ovari za vifuko vingi kama mama huyu, waliowekewa viinitete vilivyogandishwa walizaa zaidi na ovari zao zilivimba kwa nadra, lakini presha hiyo iliwapata asilimia 4.4 dhidi ya 1.4 ya waliowekewa vibichi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kugandishwa kulimchelewesha mtoto huyu, jibu langu ni kwamba kulimfikia kwa kuzunguka, kupitia mishipa ya damu ya mama yake. Matayarisho ya vidonge pamoja na mimba ya pacha vilipandisha presha, presha ikamtoa mapema, na kutoka mapema kukamnyima kitu kimoja ambacho mtoto hujiwekea akiba katika miezi ya mwisho tumboni.

Madini ya chuma. Mtoto anayezaliwa wiki ya 32 anaondoka bila akiba hiyo, ndiyo maana watoto wa uzito mdogo hupewa matone ya chuma kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 23, miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo kila siku. Hawa walipewa. Mvulana akaanza kutoa choo cheusi na kigumu, nyumba ikashtuka, matone yakaachwa kwake akiwa na miezi 5. Dada yake hakufunga choo, akaendelea. Baadaye mvulana akawa mpenzi wa chai ya maziwa na mahamri, asubuhi na jioni, na maziwa ya ng'ombe katikati. Chai huzuia chuma kufyonzwa, na maziwa hushibisha tumbo bila kuleta chuma. Kipimo cha wingi wa damu, hemoglobini, kilisoma gramu 8.6 kwa desilita, yaani damu ilikuwa pungufu. Mtoto wa damu hiyo huchoka upesi, hana hamu ya kujaribu, na misuli yake hulegea.

Kingine kilikuwa mapajani. Mtoto huyu hakuwa amekaa chini nyumbani kwa zaidi ya dakika chache. Bibi alimbeba, shangazi akambeba, jirani akambeba, na asipobebwa alitiwa kwenye kigari cha kutembelea chenye magurudumu, ambacho Canada ilikipiga marufuku mwaka 2004 na hapa bado kinauzwa barabarani. Msichana, aliyeonekana mzima tangu nasari, aliachiwa sakafu. Nilimuuliza bibi kwa nini. Akasema, "Huyu tumemnunua kwa pesa na machozi, nimwachie saruji?"

Masikio tuliyapima kwa sababu nasari alipewa gentamisini, yalikuwa mazuri. Picha ya ubongo sikuagiza. Mtoto hakuwa na dalili ya kuihitaji, na umri ule angelazimika kulazwa usingizi kwa dawa.

Tulirudisha chuma, miligramu 3 kwa kilo, kwa maji ya chungwa na mbali na maziwa. Chai ikakatwa, hilo lilikuwa na mzozo kuliko dawa. Kigari kikatolewa nyumbani. Mkeka ukawekwa sebuleni na viti vikapangwa karibu karibu ili ashike kimoja afikie kingine, na bibi akapewa kazi ya kukaa upande wa pili akiwa na kijiko na kikombe. Baada ya mwezi damu ilikuwa 10.4. Mwishoni mwa Machi alitembea. Kwa cheti alikuwa na miezi 18, nje ya ule ukingo wa 17.6. Kwa umri wake wa kweli alikuwa na 16.

Usemi tutautazama tena atakapotimiza miaka 2. Waliozaliwa wiki ya 32 huchelewa zaidi kwenye lugha na umakini kuliko kwenye miguu, na hayo hayaonekani mapema. Sijamfunga faili.

Kitabu cha kliniki nilitaka kukisahihisha. Mama alikataa kabisa neno IVF liandikwe, kwa kuwa kitabu kile husomwa na kila anayekigusa. Tukakubaliana kuandika tarehe ya kujifungua iliyotarajiwa tu, 21 Novemba, na umri wa kuzaliwa wiki 32, na kukata "hakukua vyema tumboni". Tarehe ya kweli haimfichui mtu. Tangu hapo nimeanza kuwauliza akina mama wote, faraghani na kwa swali moja, kama wana karatasi yoyote yenye tarehe ya uhakika ya mimba.

Kabla ya kutoka aliniuliza kuhusu viinitete viwili vilivyobaki Nairobi, ambavyo wanavilipia kila mwaka. Nilimwambia hilo ni la daktari wake wa uzazi, lakini aende na maswali matatu: kama kinaweza kuwekwa kimoja tu, kama ovari zake zinaweza kuamshwa kwa dawa kama letrozoli zitoe yai, badala ya kuandaliwa kwa vidonge vya homoni tupu, na kama, kwa kuwa presha ilimpata mara ya kwanza, ataanzishiwa aspirini ya kiwango kidogo mapema. Na safari hii, nikamwambia, kliniki ya wajawazito ya hapa Mombasa ipewe ile tarehe siku ya kwanza. Aliyaandika maswali nyuma ya bahasha ile ile, na bibi akauliza kama hivyo viwili ni vya kike au vya kiume.